Newala, Mji Uliopanda Mlima Kuyakimbia Maji

Mvua haiinyimi Newala kitu. Kila mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, huanguka karibu milimita 1,000, takriban maradufu ya ile anayoizoea mkulima wa Dodoma. Hata hivyo, anayetafuta historia ya watu wa Tanzania walioishi kijangwani, waliopima safari kwa mtungi na kuujua ubora wa kijiji kwa umbali wa kisima, asihangaike kwenda Dodoma. Aje huku kusini, juu ya uwanda wa Makonde. Kiu ya hapa haikutoka mbinguni. Imetoka ardhini.

Uwanda huu unapanda polepole kutoka pwani ya Mtwara kuelekea magharibi. Ukifika Newala, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, unakatika. Udongo wake ni mchanga mwekundu, mzito, uliolala juu ya miamba laini ya enzi za Kretasia, ambayo wanajiolojia wameipa jina hilohilo la Makonde. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu yakaunda kijito. Yanazama, yanateremka gizani mpaka yakutane na tabaka lisiloyapitisha, kisha yanalifuata tabaka hilo na kutokea kama chemchemi chini kabisa ya mteremko. Ndiyo maana uwanda wenyewe hauna mito ya kutegemewa, ilhali Ndanda, upande wa kaskazini, na mabonde ya Kitangari na Mkunya yana maji mwaka mzima. Mvua inayowanyeshea watu wa juu huwafaa kwanza watu wa chini.

Mahali pa kuliona jambo hili kwa macho ni Shimo la Mungu, pale Newala mjini ardhi inapoisha. Unasimama ukingoni na mbele yako hakuna kitu: ukuta wa mwamba na miti unaporomoka, na baada yake ni tambarare ya Ruvuma, kijani kibichi wakati wa masika na kijivu wakati wa kiangazi, hadi Msumbiji. Asubuhi nyingi ukungu hulijaza shimo lote na mgeni huambiwa asubiri. Hadithi za shimo hili hazina idadi, na kila msimulizi huongeza chumvi yake; sitazihesabu hapa, kwa sababu ajabu iliyo wazi inanitosha. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala waliteremka kuta za namna hiyo wakiwa na mitungi mitupu na kuzipanda tena ikiwa imejaa.

Swali la kwanza la historia ya mji huu, basi, ni moja: mtu mwenye akili zake aliendaje kujenga huko juu?

Wamakonde wana jibu lao, na ni la kale. Wajerumani walilichapisha mwanzoni mwa karne ya 20, kama walivyolisikia. Mwanzo, wasema wazee, alikuwako mtu mmoja aliyeishi porini karibu na Mahuta, upande wa kusini wa uwanda. Hakuoga, hakunyoa, na maji alikunywa kidogo tu. Siku moja alichonga sanamu ya mtu kwa mti, akaisimamisha nyumbani kwake. Usiku ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakateremka pamoja hadi Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akazaa mtoto mfu. Wakahama, wakavuka nchi ya juu mpaka bonde la Mbwemkuru; mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Wakarudi porini Mahuta, kwenye ukavu, na huko mtoto wa tatu akazaliwa mzima, akakua. Hao ndio asili ya kabila. Wosia ukabaki kwa wajukuu: msijenge bondeni, msikae karibu na maji makubwa.

Hadithi hii wauza vinyago hupenda kuisimulia, na mara nyingi huikatisha pale mti unapogeuka mke. Inafaa kuuza kinyago, lakini imekatwa kiungo chake muhimu. Hiyo safari ya kwenda mtoni mara mbili, na vifo viwili, ndiyo sheria yenyewe. Wala haikuwa sheria ya kipuuzi. Bondeni kuna mbu na homa, na mama aliyehamia kando ya mto aliona watoto wakifa hata kama hakujua kwa nini. Juu, penye upepo na mchanga mkavu, watoto walikuwa na nafasi ya kukua.

Baadaye ukaja ugonjwa mwingine wa mabondeni: watu wenye silaha. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilipita chini ya uwanda ikielekea Kilwa, Lindi na Mikindani. Toka magharibi wakaja wavamizi wa Kingoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, au Mazitu. Juu ya uwanda palikuwa na ngome isiyojengwa na mtu. Shamba la Mmakonde likishalimwa miaka michache na kuachwa, hufunikwa na kichaka kizito kiasi kwamba asiyejua vijia hupotea hatua kumi toka njiani. Vijiji vilijificha humo ndani. Na jeshi linaloingia uwandani kwa siku mbili tatu litakunywa nini? Mwenyeji alijua chemchemi iko upande gani. Mvamizi ilimbidi arudi alikotoka.

Masasi, jirani wa Newala kwa upande wa magharibi, ilikuwa na sura nyingine kabisa. Huko hakuna uwanda, kuna majabali: Mtandi, Mkomaindo na wenzao, milima ya mawe mitupu iliyochomoza toka nchi tambarare, inayoonekana toka mbali kabla hujauona mji. Mwaka 1876 Edward Steere, askofu wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya Zanzibar, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri kwa lugha hiyo, alitoka Lindi na kundi la watumwa walioachwa huru. Nia ya misheni ilikuwa kufika nchi za Wayao na Ziwa Nyasa. Wakaishia Masasi, wakaona panafaa, wakajenga. Kijiji kikastawi. Mwaka 1882 Magwangwara wakakifikia, wakaua, wakateka, wakachoma.

Hapo ndipo Newala inapoingia katika vitabu. Chauncy Maples, kasisi wa Masasi, alihamishia kazi yake Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao aliyekuwa rafiki wa misheni. Ila Newala hiyo siyo hii. Ilikuwa chini, bondeni, kwenye maji. Baada ya hapo mji wenyewe ukapanda. Watu wa Matola walihesabu hatari ya kuvamiwa na taabu ya kuteka maji, wakachagua taabu. Wayao, ambao hawakuwa na wosia wa Mahuta, walifikia hukumu ileile waliyoifikia Wamakonde zamani kabla yao, kwa njia ya mikuki.

Ushahidi wa mji wa kwanza tunao kwa mkono wa Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig. Mwaka 1906 alitaka kwenda Irangi, lakini huko kulikuwa na machafuko, serikali ya Kijerumani ikampeleka kusini. Akatoka Lindi, akapita Masasi na Chingulungulu, akaishi Newala kwa majuma kadhaa, akiwa na mashine ya kurekodi nyimbo na kamera ya sinema. Aliteremka kuiona Newala ya zamani. Nyumba hazikuwapo tena. Alikuta kichaka cha miembe mikubwa, misalaba ya makaburi ya wamisionari na waumini wao, na nyuma yake milimau imezaa ovyo. Juu, kwenye boma, alilalamikia baridi ya jioni na upepo usiokoma, na zaidi ya yote alilalamikia maji: yalichotwa mamia ya mita chini, njia ndefu ya kuchosha, na yakifika yalikuwa machafu hata ilibidi kuyahangaikia kabla ya kuyanywa.

Weule alikuwa mtu wa enzi yake. Kitabu chake kina dharau ambayo msomaji wa leo hawezi kuimeza, na vitu alivyobeba kwenda Leipzig ni mjadala unaostahili makala yake peke yake. Lakini jicho alikuwa nalo, na swali la kwa nini mji uko mahali pabaya hivyo alijiuliza, jambo ambalo maofisa wengi waliomtangulia hawakujali.

Si kila mtu wa ukingoni alikuwa rafiki wa wageni. Mashariki ya Newala, Luagala, alikaa Machemba, Myao mwingine, aliyekuwa na bunduki, watu, na vichaka vya uwanda kwa ngome. Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, kamishna wa Wajerumani, alimwita aje pwani kutii. Machemba alijibu kwa barua ya Kiswahili akikataa: hakuona sababu ya kumtii mtu ambaye si mkuu kuliko yeye. Barua hiyo ni kati ya maandishi yanayotajwa sana katika historia ya upinzani wa Afrika Mashariki. Wajerumani walipigana naye kwa miaka, na vichaka vikamsaidia kwa miaka hiyohiyo, mpaka 1899 alipovuka Ruvuma kwenda upande wa Wareno.

Vita vya Majimaji vya 1905 navipita haraka, kwa kuwa moto wa vita hivyo ulikuwa kwingine. Misheni ya Masasi ilichomwa tena, na ile ya Wabenedikto Nyangao vilevile. Wakuu wa Wayao wa ukingoni hawakujiunga. Mwaka 1906 Wabenedikto walijenga Ndanda, chini ya mteremko, kwenye chemchemi zinazotoa maji yaliyonyesha juu kwa Wamakonde. Wabenedikto walikuwa na bunduki za serikali nyuma yao, hawakuwa na sababu ya kuogopa bonde.

Sasa nifikie mwaka 1916, maana hapo ndipo Newala ilipoamua vita kwa kiu.

Ureno iliingia katika Vita Kuu Machi mwaka huo. Septemba jeshi lake, chini ya Jenerali Gil, lilivuka Ruvuma toka Msumbiji likiwa na maelfu ya askari, likapanda uwandani, na mwishoni mwa Oktoba likaingia boma la Newala. Wajerumani walikuwa wameliacha. Kwenye ramani ya Lisbon ulikuwa ushindi mzuri: boma la adui juu ya mlima, bendera ikipepea. Kwa Mmakonde yeyote aliyekuwa akitazama toka kichakani, wale walikuwa watu waliojifungia kwenye nyumba isiyo na kisima.

Maji ya boma yalitoka kijito cha bondeni, na Wareno ilibidi wagawe askari: wengine wakae juu kulinda kuta, wengine wateremke kulinda maji. Novemba Wajerumani wakarudi, wakiongozwa na Max Looff, nahodha wa zamani wa manowari Königsberg iliyozamishwa Rufiji mwaka uliotangulia, ambaye sasa alikuwa kamanda wa nchi kavu. Tarehe 8 palipiganwa vikali upande wa bondeni. Tarehe 22 Wajerumani waliyateka maji. Baada ya hapo hawakuwa na haja ya kulipanda boma. Walilizunguka, wakalipiga kwa mizinga, wakangoja. Walio ndani walikuwa na risasi na chakula, na jua la Novemba, mwezi ambao mvua inanukia bila kushuka. Usiku wa tarehe 28 walitoka kimyakimya, wakaporomoka hadi Ruvuma, wakavuka kurudi kwao. Waliacha nyuma mizinga, bunduki za rashasha na magari.

Ureno inawakumbuka mashujaa wa kuzingirwa huko, hasa Kapteni Curado. Wanaosahaulika ni wapagazi. Vita ile yote ya kusini, ya Wajerumani, Waingereza na Wareno, ilibebwa vichwani mwa watu waliokamatwa vijijini, na kwenye uwanda huu pamoja na sanduku la risasi palikuwa na mzigo wa maji. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1917, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipita akikimbilia Msumbiji, na kikosi cha ofisa wake Tafel kilichokuwa kikimfuata, kwa kukosa chakula, kikajisalimisha kwa Waingereza jirani na Newala. Mashamba yalikuwa yamekombwa na majeshi yote kwa zamu.

Waingereza walipotulia walikuta watu wasio na mfalme wala sultani. Kila kijiji kilikuwa na mkulungwa wake, na utawala wa kupitia machifu, uliopendwa sana London, haukupata chifu wa kupitia. Kwa wakati huohuo Wamakonde wa Msumbiji walizidi kuvuka Ruvuma wakikimbia kazi za shokoa za Wareno. Idadi ya watu ikapanda. Mikorosho ikapandwa, na mti huu ukaupenda mchanga mwekundu kwa sababu ileile iliyowakera binadamu: mizizi yake inakwenda chini kuyafuata maji yaliyozama. Uwanda usiomnywesha mtu ukaanza kumlipa. Msimu wa korosho, mabibo yenyewe yalikuwa maji ya bure ya mkulima awapo shambani, mbali na kisima, na yaliyobaki yaligeuzwa ulaka, pombe ya mabibo, ambao hakuna sheria ya serikali yoyote iliyowahi kuumaliza.

Katika miaka ya 1950 ndipo uwanda ulipopata kitu ambacho hakuna wosia wala mganga aliyekiwaza: maji yanayopanda. Shirika la Maji la Makonde lilianzishwa, likafunga pampu mabondeni, likasukuma maji juu hadi matangi na kuyateremsha vijijini kwa mabomba. Maji yaliuzwa kwa debe, kwa senti. Wanaume walinung'unika kulipia kitu cha Mungu. Wanawake, kadiri ninavyoielewa hesabu yao, hawakuwa na mengi ya kunung'unikia: senti chache dhidi ya nusu siku ya mteremko na mlima. Sijui kama kuna barabara, shule au sheria iliyobadilisha maisha ya wanawake wa Newala kuliko lile debe.

Uhuru ulikuja na wazo jingine, kwamba maji ni haki na haki haiuzwi. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila Mtanzania wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400. Finland ilipewa Mtwara na Lindi, na tangu 1972 hadi 1993 wataalamu wake walichimba visima, wakafunga pampu za mkono, wakachora mpango mkubwa wa maji wa mikoa yote miwili. Ni wazee wachache wa huku wasioikumbuka miaka ya Wafini. Lakini pampu ya mkono haifai mahali ambapo maji yako mamia ya mita chini ya miguu. Uwandani ilibaki kutegemea injini za mabondeni, na injini hutaka dizeli. Mwishoni mwa miaka ya 1970 dizeli ikawa haba nchi nzima, na ndoo zikarudi njiani.

Wakati huo Operesheni Vijiji ilikuwa imekwisha kuwahamisha watu toka makazi yao ya vichakani na kuwapanga kando ya barabara. Nadhani hakuna mahali ambapo agizo hilo lilipingana na historia kuliko hapa: watu ambao kutawanyika ndiko kulikowaokoa wakaamriwa wakusanyike. Hoja ya serikali ilikuwa pamoja na maji, kwamba bomba haliwezi kukifuata kila kichaka, na hoja hiyo haikuwa ya uongo. Lakini mikorosho haikuhama. Ilibaki mbali, ikazidiwa na magugu, kisha ukaja ubwiri unga. Taifa lililokusanya tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74 lilipata chini ya tani 20,000 miaka ya katikati ya 1980. Salfa, utafiti wa kituo cha Naliendele, na baadaye stakabadhi ghalani ndivyo vilivyoirudisha korosho kwenye midomo ya watu, pamoja na ugomvi wake wa bei kila Oktoba. Tandahimba, nchi ya korosho hasa, ikajitenga na Newala ikawa wilaya mwaka 1995.

Pesa ya korosho ilijibu suala la maji kwa namna yake. Aliyeuza vizuri aliezeka bati, na bati ni shamba la maji. Mfereji ukawekwa ukingoni mwa paa, na chini ya kiambaza kikachimbwa kisima cha saruji cha kuhifadhi mvua. Ukipita mitaani Newala leo, mifuniko ya visima hivyo iko uani, mingine ikiwa na kufuli, maana mwezi wa tisa na wa kumi maji ya mwenzio ni mali. Kwa miaka mingi maofisa waliutazama mtindo huu kama jambo la kushikilia tu mpaka mradi mkubwa ufike. Mimi nauona ndio mradi wenyewe. Ni jibu pekee katika historia yote hii linalopokea mvua pale inaponyesha, kabla mchanga haujaimeza.

Mradi mkubwa nao hauachi kuja. Juni 2022, serikali ilitia saini mikataba ya maji ya miji 28 kwa mkopo wa dola milioni 500 toka India, na Makonde imo katika orodha, kwa ajili ya Newala, Tandahimba na Nanyamba. Vyanzo ni vya mabonde yaleyale ya Kitangari, na kazi ni ileile ya kuyapandisha maji juu ya ukuta ambao Weule aliulalamikia, safari hii kwa umeme. Umeme unagharimu, na bili ya kuipandisha lita moja hadi Newala haiwezi kulingana na ya mji ambao maji huteremka yenyewe. Mamlaka inayouza maji hapa inarithi tatizo la debe la miaka ya 1950: bei ikishuka pampu inasimama, bei ikipanda mama mwenye senti chache anarudi bondeni. Kwa sasa mwenye kisima huuza maji kwa jirani asiye nacho, vijana wa baiskeli hufunga madumu manne au matano na kuzungusha mitaani, na mpangaji anayetafuta nyumba Newala, kabla ya kuuliza vyumba vingapi, huuliza kisima kina ukubwa gani.